Saa ya Dhahabu katika Nchi ya Kahawa

Kila kitu cha thamani kina bei mbili. Bei ya kwanza hutajwa na mizani, na bei ya pili hutajwa na habari. Mizani husema kitu kina uzito gani na kimefanywa kwa madini gani. Habari husema kilitoka wapi, kilivaliwa na nani, na kilipita katika mambo gani hata kikatufikia. Pete ya bibi ikitiwa katika mizani ya sonara ni gramu chache za dhahabu tu. Nyumbani mwake ni mwanzo wa ukoo. Nia ya insha hii ni kutazama kitu kimoja chenye bei hizo mbili, nacho ni saa ya mkono ya dhahabu, na kukitazama katika nchi ambayo watu hawaikumbuki wanapotaja saa za namna hiyo, yaani Bukoba na Muleba, katika mkoa wa Kagera, magharibi ya Ziwa Viktoria.

Yapasa kwanza tuitambue saa yenyewe. Si saa ya baharia wala ya rubani, na si saa ya askari. Ni saa nyembamba, uso wake mweupe au wa rangi ya samli, akrabu zake kama sindano, ukanda wake wa ngozi. Hujificha chini ya mkono wa shati, ikachungulia pale tu mwenyewe anaponyosha mkono kusalimu. Haina kazi ila mbili: kutaja wakati, na kumpa heshima aliyeivaa. Kwa sababu hiyo tutaiita hapa saa ya heshima. Katika Ulaya, Marekani na Asia wako watu wanaozitafuta saa hizo kwa bidii, hasa zile zilizofanywa kati ya miaka ya 1930 na miaka ya 1960, nao huzikusanya kama wengine wanavyokusanya stempu au vitabu vya kale. Siku hizi macho ya wanunuzi yamefika hata kwetu, na hapo ndipo penye jambo la kutafakari.

Msomaji aweza kuuliza: saa ya Geneva ina uhusiano gani na migomba ya Muleba? Jibu ni kwamba nchi ya Wahaya ilikuwa na mambo matatu ambayo aghalabu hayakukutana mahali pamoja. Ilikuwa na wafalme waliojua maana ya hazina. Ilikuwa na kahawa iliyoleta fedha mikononi mwa wakulima. Na ilikuwa na shule zilizotoa watu wa kuishi kwa saa. Tutayachukua mambo hayo moja moja.

Lakini kabla ya wafalme tuyasikilize maneno, maana maneno ni mashahidi wasiokula rushwa. Neno saa lenyewe ni la Kiarabu, nalo lataja wakati na chombo kinachoupima. Akrabu, mkono wa saa, ni nge wa Waarabu, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya mkia wake uliochongoka. Kamani, ule utepe wa chuma unaojikunja ndani ya saa na kuipa nguvu, twaliona katika lugha za Bara Hindi kwa maana hiyo hiyo, na asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya upinde. Sonara naye alikuja kwetu na jina lake kutoka Bara Hindi. Basi mtu wa Bukoba asemapo kwamba saa yake imekatika kamani, ametaja pasipo kukusudia njia nzima ya bahari na nchi kavu iliyokileta chombo hicho: kutoka bandari za Bahari ya Hindi hata pwani, kutoka pwani hata Tabora, na kutoka Tabora hata Karagwe na ziwani.

Njia hiyo ndiyo aliyoifuata Mwingereza John Hanning Speke, aliyefika Karagwe mwezi wa Novemba 1861, akakaribishwa na Mfalme Rumanyika huko Bweranyange. Rumanyika hakuwa mgeni wa vitu vya thamani. Alikuwa na nyumba maalumu ya hazina, na Henry Morton Stanley aliyeingia humo mwaka 1876 aliifananisha na makumbusho: mlikuwa na mikuki ya fahari, na sanamu za wanyama na ndege zilizofuliwa kwa chuma, shaba na shaba nyeupe. Vitu hivyo havikuwa vya kulimia wala vya kupikia. Vilikuwa vya kuwekwa, kutunzwa na kuonyeshwa, kwa kuwa katika kila kimoja mlikuwa na neno juu ya ufalme. Kwa hiyo anayedhani kwamba kukusanya vitu vya kale ni desturi ya wageni hana budi kuifikiria nyumba ile ya Bweranyange. Palikuwa na mkusanyaji Karagwe kabla hatujaona bendera ya Ulaya ikitwekwa Bukoba.

Katika mizigo ya Speke iliyopita Karagwe mlikuwa na saa ya dhahabu. Alipofika kwa Kabaka Mutesa wa Buganda mwezi wa Februari 1862, saa hiyo ilikuwa miongoni mwa zawadi alizozitoa, pamoja na bunduki, darubini, nguo za hariri na kiti cha chuma. Baadaye mwaka ule ule, huko Bunyoro, Mfalme Kamurasi aliitamani saa nyingine ya Speke kuliko vitu vyote. Akaiomba, akaing'ang'ania, hata akaipata. Samuel Baker alipofika Bunyoro mwaka 1864, naye aliombwa saa yake mara kwa mara. Wafalme wale hawakuwa na haja ya kujua dakika. Jua liliwatosha, na ng'ombe waliorudi zizini waliwatosha. Walichokiona katika saa ni kitu chenye uhai ndani yake, kinachotembea pasipo kusukumwa, nacho kilikuwa mkononi mwa mtu aliyedai kujua njia za nchi asizozaliwa. Saa iliingia katika nchi za maziwa kama kipande cha mamlaka, na dhahabu yake ilikuwa kitambaa tu cha kuyafungia mamlaka hayo.

Mamlaka yenyewe yalifuata upesi. Mwaka 1890 Emin Pasha, kwa niaba ya Wajerumani, alianzisha boma la Bukoba ukingoni mwa ziwa. Mwaka 1892 mapadre wa White Fathers walifungua misheni Kashozi, upande wa kaskazini. Boma likaleta zamu, kodi na siku ya hukumu. Misheni ikaleta kengele. Tangu hapo palikuwa na watu waliohesabiwa kuwa wamechelewa, neno ambalo katika shamba la migomba halikuwa na makali makubwa.

Na hapa pana jambo la kustaajabisha ambalo wengi wa Bukoba huishi nalo pasipo kulitaja. Saa za Afrika Mashariki hufuata jua la nyuzi 45 mashariki, ambako ni nje ya pwani yetu kabisa. Bukoba iko karibu na nyuzi 32. Kwa kuwa jua huvuka kila nyuzi moja kwa dakika nne, jua la Bukoba liko nyuma ya saa rasmi kwa kiasi cha dakika 53. Kwa hesabu yetu ya Kiswahili saa kumi na mbili ya asubuhi ni saa ya macheo. Hata hivyo Bukoba inapotimia saa hiyo bado ni giza, na jua huchomoza karibu na saa moja. Mhaya anapoitazama saa mkononi mwake haoni jua la kwao. Aona jua la serikali. Mtu aliyevaa saa katika miaka ile ya kwanza alikuwa anatangaza kwamba ameingia katika hesabu nyingine ya siku: hesabu ya karani, ya mwalimu, ya katekista, na ya meli iliyotia nanga.

Saa za wakati huo zilikuwa za mfukoni. Saa ya mkono ilikuwa imejulikana Ulaya kama pambo la wanawake. Breguet alimtengenezea Malkia wa Naples moja iliyokamilika mwaka 1812, na Patek Philippe wakafanya ya bibi mmoja mkuu wa Hungaria mwaka 1868. Wanaume waliiona kuwa kitu cha kike. Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyobadili mawazo yao, maana askari aliyeshika bunduki hawezi kuingiza mkono mfukoni kila mara kutafuta wakati. Vita hiyo ilifika Bukoba yenyewe. Tarehe 22 na 23 Juni 1915 majeshi ya Uingereza yalivuka ziwa kutoka upande wa Kenya, yakaushambulia mji, yakaibomoa ngome na mnara wa simu ya upepo; kisha askari wakaingia majumbani wakapora. Twapaswa kulikumbuka jambo hilo kila tunapouliza kwa nini vitu vya kale vya mji huu ni vichache. Mji uliporwa mapema.

Sasa tuje kwenye kahawa, ambayo ndiyo moyo wa habari hii. Kahawa haikuletwa Buhaya na Wazungu. Ile iitwayo robusta ilikuwako tangu kale, ikichemshwa na majani na kukaushwa, ikawa akamwani ya kutafuna. Mgeni alipewa akamwani kabla hajaulizwa shida yake, na marafiki waliofungamana kwa omukago walikula buni pamoja na damu yao. Mapadre walileta arabika mwanzoni mwa karne ya 20, na Waingereza waliotawala baada ya Vita Kuu wakahimiza upandaji. Katika miaka ya 1920 mkulima wa Kamachumu, Nshamba au Kanyigo alianza kupata kitu ambacho baba yake hakukijua: fedha taslimu iliyotoka katika kibanja chake mwenyewe, bila ya kwenda kuajiriwa. Mwaka 1924 wasomi na wafanyabiashara waliunda Bukoba Bahaya Union ili kuitetea nchi na kuiendeleza. Mwaka 1937 serikali ilipotaka kuwalazimisha wakulima kanuni za utunzaji wa mikahawa, palitokea ghasia. Mwaka 1950 kikaundwa chama kikuu cha ushirika, Bukoba Native Co-operative Union, na uuzaji wa kahawa ukawa na mlango wa wenyeji.

Kisha ukaja mwaka wa bahati. Mnamo Julai 1953 jalidi kali iliunguza mikahawa ya Brazili, na mwaka 1954 bei ya kahawa ikapanda ulimwenguni kote. Mti ulikufa Brazili, na mkono ukavikwa dhahabu Muleba. Fedha ya miaka ile ilijenga nyumba za mabati, ikalipa karo, ikanunua baiskeli na cherehani, na kwa wachache ikanunua saa. Chanda chema huvikwa pete, wasema wahenga. Na mkono uliotia sahihi daftari la chama cha ushirika, au uliogawa mitihani darasani, uliona kuwa nao wastahili pambo lake. Ni miaka hiyo hiyo Laurean Rugambwa, mtoto wa nchi hii aliyesomea seminari ya Rubya, alipofanywa Askofu mwaka 1952, kisha mwaka 1960 akawa Kardinali wa kwanza Mwafrika. Nchi nzima ilijiona imesimama wima. Asiyeifahamu hali hiyo ya moyo hataielewa saa ya dhahabu ya mwaka 1954. Ataiita majivuno, kumbe ilikuwa pia ni hati ya kufika.

Walakini tusitie chumvi. Saa nyingi zilizong'aa kwa rangi ya dhahabu hazikuwa dhahabu. Zilikuwa shaba nyeupe au chuma kilichopakwa utando mwembamba, ambao jasho na miaka huula kwanza kwenye pembe na miguu ya ukanda, mpaka weupe wa chini ukatokea. Saa ya dhahabu halisi ilikuwa kitu cha wachache sana, na kwa hiyo ni adimu. Mwenye kutaka kuitambua haitazami usoni bali mgongoni na ndani ya mfuniko. Uswisi ilipiga muhuri wa kichwa cha mwanamke, Helvetia, juu ya dhahabu ya karati 18, yaani sehemu 750 katika 1,000. Dhahabu ya karati 14 ilipigwa mnyama kindi. Alama hizo zilidumu hata mwaka 1995, zilipoachiwa kichwa cha mbwa. Saa zilizopitia Uingereza ziliwajibika tangu mwaka 1907 kupigwa muhuri wa Kiingereza, na huko karati 9, yaani sehemu 375, ilitumika sana kwa saa za zawadi ya utumishi. Muhuri ni cheti cha kuzaliwa cha saa: wataja madini yake, na mara nyingi mji na mwaka pia.

Huko Uswisi miaka hiyo ilikuwa ndiyo kilele cha ufundi wa saa ya heshima. Patek Philippe walikuwa wametoa mwaka 1932 saa ya duara isiyo na mbwembwe waliyoiita namba 96, nayo ikawa kipimo cha nyingine zote. Mwaka 1952 Omega wakatoa Constellation. Mwaka 1955 Vacheron Constantin wakafanya mtambo wenye unene wa milimita 1.64 tu, na mwaka 1957 Piaget wakatoa wao wa milimita 2. Fikiri magurudumu yenye meno, kamani na mawe ya yakuti, vyote vikae katika nafasi isiyozidi unene wa sarafu! Ufundi huo ulikuwa wa hewa kavu ya milimani. Bukoba hunyeshewa mvua kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka, na umande wa ziwa haukomi. Saa nyembamba haizuii maji. Mvuke huingia, uso ukapata madoa, chuma cha ndani kikashika kutu. Kwa hiyo saa ya heshima iliyoishi Bukoba miaka sitini na bado yatembea ni adimu mara mbili: kwa kufanywa kwake, na kwa kuokoka kwake. Mkusanyaji wa Ulaya huona madoa ya uso akayaita kasoro. Mwanahistoria huyaona akasoma ndani yake masika sitini ya ziwani.

Baada ya mapambazuko huja jioni. Bei ya kahawa ilianza kushuka kabla miaka ya 1950 haijakwisha, na mwaka 1962 mataifa yakafanya mkataba wa kahawa ili kuizuia isianguke zaidi. Mwaka 1963 Tanganyika ikaondoa madaraka ya machifu, na wafalme wa Buhaya wakawa raia kama raia wengine. Vitu vilivyokuwa vya kiti vikawa vya mtu. Mwaka 1965 sheria ikafuta umwinyi wa nyarubanja, uliowafanya wengine kuwa wapangaji juu ya ardhi waliyoilima. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, vikarudi katika miaka ya 1980. Mabadiliko hayo, mengine yakiwa ya haki iliyongojewa muda mrefu, yaliibadili mikono iliyokuwa ikivaa dhahabu.

Na saa nayo ikapata adui ndani ya nyumba yake. Tarehe 25 Desemba 1969 kampuni ya Seiko ya Japani ilitoa saa ya mkono iendeshwayo kwa betri na jiwe la kwatzi; nayo, kwa ajabu, ilivikwa dhahabu, ikauzwa yeni 450,000. Katika miaka iliyofuata saa za kwatzi zikawa rahisi kupita kiasi, na viwanda vingi vya Uswisi vikafungwa. Mtu aliyekuwa na saa ya baba yake iliyokatika kamani aliona heri kununua mpya ya bei ndogo kuliko kutafuta fundi. Wahenga walikwisha kuonya: usiache mbachao kwa msala upitao. Saa za zamani ziliingia masandukuni, mafundi wa saa wakapungua, na ujuzi ukazeeka pamoja nao.

Masanduku nayo hayakuwa salama. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakaiteka nchi iliyo kaskazini ya mto Kagera, yakaua na kupora. Familia zilikimbia na kile tu kilichoweza kubebwa kichwani. Tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na dakika 27 alasiri, tetemeko la ardhi liliutikisa mkoa, likaua watu, likaangusha maelfu ya nyumba. Katika hali kama hizo mtu huokoa mtoto kwanza, na ndivyo ipasavyo. Lakini nyumba ikianguka, sanduku la babu hufunguliwa na mkono usiojua kilichomo.

Leo, hatari kubwa zaidi ni tanuri. Bei ya dhahabu imepanda sana katika karne hii, na mwaka 2025 wakia moja ilivuka dola 4,000 za Marekani. Bei inapofika huko, saa ya kale ya dhahabu huwa na thamani zaidi ikiyeyushwa kuliko ikivaliwa, isipokuwa mwenye kuuza ajue anachouza. Mnunuzi hung'oa mtambo, hutupa uso, huweka mfuniko katika mizani. Muhuri wa Helvetia, jina lililochorwa kwa mkono, tarehe ya zawadi: vyote hugeuka kuwa tone jekundu. Biashara hiyo si ya Tanzania peke yake. Yafanyika ulimwenguni kote. Ila kwetu yatuumiza zaidi, kwa kuwa wenzetu wana madaftari ya viwanda na ya wauzaji, nasi tuna kumbukumbu ya wazee tu.

Sheria haitusaidii hapa. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yalinda vitu vilivyofanywa kabla ya mwaka 1863, yalinda milango ya kuchongwa ya kabla ya 1940, na yaangalia vitu vya utamaduni vilivyofanywa humu nchini. Saa iliyofanywa Geneva mwaka 1954 haimo. Desturi nayo yaiacha nje. Kwa Wahaya kibanja cha ukoo ndicho kilichozungushiwa ulinzi; mrithi mkuu, omusika, hukipokea kama amana, na kwa zamani mwanamke hakuruhusiwa kabisa kukiuza, mpaka Mahakama Kuu ilipotoa hukumu huko Mwanza mwaka 1990 kwamba haki yake ni sawa na ya mwanamume. Kuhusu kibanja ukoo hukaa, hubishana, hata hushitakiana. Kuhusu saa hakuna kikao. Kibanja hakihami, na kila mtu hukiona. Saa hutoka nyumbani ndani ya kiganja kilichofumbwa, pengine kabla matanga hayajaanuliwa.

Huenda msomaji akapinga, aseme: saa hizo ni za Wazungu, zikiyeyuka, historia yetu imepungua nini? Hoja hiyo ina sura nzuri, lakini ndani ni tupu. Saa ilifanywa Uswisi, ni kweli. Ila kilichoinunua ni kahawa iliyochumwa na kuanikwa Muleba, na kilichoipa maana ni mkono ulioivaa. Upanga wa mfalme haukuacha kuwa wa ufalme kwa kuwa chuma chake kilitoka kwingine. Na mtu wa mwaka 1954 aliyechagua saa badala ya ng'ombe ametuachia ushahidi juu ya fikira zake, ushahidi ambao hakuuandika mahali pengine.

Hata soko lenyewe, ambalo tunaliona kuwa halina moyo, lakubali neno hili. Mwaka 1954 Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia alizuru Uswisi, na mwaka huo ilitengenezwa saa ya Patek Philippe ya dhahabu, namba 2497, yenye kalenda ya kudumu, ikawa yake. Mwaka 1974 alipinduliwa. Saa hiyo ilipoletwa mnadani Geneva mwaka 2015, iliondolewa kwa sababu ya mabishano juu ya mmiliki wake halali. Ikarudi mnadani Novemba 2017, ikauzwa zaidi ya faranga milioni 2.8 za Uswisi. Mwezi mmoja kabla yake, huko New York, saa ya Rolex iliyokuwa ya mwigizaji Paul Newman iliuzwa zaidi ya dola milioni 17. Nayo ilikuwa ya chuma kitupu! Wanunuzi hao hawakulipa uzito. Walilipa jina, mwaka, na uhakika wa mambo yaliyoelezwa. Na mabishano ya mwaka 2015 yatufundisha neno la pili: kitu ambacho njia yake ya kutoka mkono hata mkono haikuandikwa, huzaa shaka, hata kikiwa cha mfalme.

Basi tufanye nini? Sitamlaumu mjane anayeuza saa ya marehemu ili mtoto asifukuzwe shule. Hakuna kumbukumbu iliyo bora kuliko mtoto aliyesoma, na pengine mwenye saa mwenyewe angeliitoa kwa furaha kwa kazi hiyo. Neno langu si kwamba saa zisiuzwe. Ni kwamba zisiuzwe kama mabubu. Kabla saa haijatoka nyumbani, ipigwe picha, uso na mgongo. Mihuri na namba zilizo ndani ya mfuniko zinakiliwe. Kisha kijana mmoja mwenye kalamu aketi na wazee aulize: nani aliinunua au aliipewa, mwaka gani, kwa fedha ya nini, aliivaa siku zipi, na baada yake ilishikwa na nani. Karatasi moja yatosha. Karatasi hiyo ikifuatana na saa, bei yake sokoni haipungui, na mara nyingi huongezeka. Na nakala yake ikibaki nyumbani, au ikipelekwa makumbusho ya Bukoba au maktaba ya chuo, basi hata saa ikivuka bahari, habari imebaki.

Wanaokusanya nao wana wajibu. Mkusanyaji asiyeuliza habari ni sawa na mtu anayenunua kitabu kwa ajili ya jalada. Kung'arisha saa ya kale mpaka jina lililochorwa likafutika, au kuupaka upya uso wenye madoa ya masika, ni kuupaka shahidi rangi mdomoni. Rumanyika aliyejenga nyumba ya hazina Bweranyange hakukusanya shaba kwa kuwa shaba ilikuwa ghali. Alikusanya vitu vilivyoweza kusema, na akaweka karibu navyo watu waliojua maneno yake.

Wafanyabiashara wa Kiswahili, waliozipitisha bidhaa zao katika njia ile ndefu ya kutoka pwani hata ziwani, walituachia methali inayofaa kuandikwa ndani ya mfuniko wa kila sanduku la urithi: mali bila daftari huisha bila habari. Kahawa ya mwaka 1954 imekwisha kunywewa, na fedha yake imekwisha kutumiwa. Hapa na pale, Bukoba na Muleba, imebaki saa ambayo sonara anajua uzito wake, na mzee mmoja tu ndiye anayejua habari yake. Sonara atakuwako kesho.